Kinanda Tulichokiita Mtaliano

Mwanangu Baraka,

Sikuulizi hali, maana nakusikia chumba cha pili ukikohoa vumbi la lile begi la baba yako. Barua hii nitaitia mfuko wa pembeni, penye chaja za simu. Naomba usiifungue kabla treni haijapita Ngerengere. Ukiifungua hapa karibu utanipigia simu, nami nitakuwa bado naosha vyombo vya chai, na sitaki kuongea haya huku maji yanamwagika.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya pasipoti na ya kutomshikia mtu mzigo uwanja wa ndege, shangazi yako wa Masanze ameshayasema yote, mengine ameyasema hadi ukajificha chooni. Siyarudii. Baba yako naye ameshakufungia Mtaliano kwenye sanduku la mbao kwa kamba za katani, na mafundo ya mtu wa reli unayajua, utayafungua kwa kisu.

Nimechoka, Baraka. Naanza na hilo ili ukiona maneno yangu ni mazito usidhani nimekukasirikia. Nimechoka na magoti, na mpunga uliolala kwa mafuriko, na kusimama jikoni kwa wageni waliokuja kukuaga tangu Jumapili. Uchovu huu hauna mtu wa kulaumiwa. Ila kuna mambo ambayo mtu akiwa na nguvu huyazunguka, na akichoka huyasema tu.

Nilivyojifunza kupiga unajua. Kinanda cha kukanyaga cha misheni kule Mamboya, babu yako akifagia kanisa, mimi miguu haifiki chini, mtoto wa jirani akikanyaga kwa niaba yangu. Hiyo nimekusimulia mpaka ukawa unanimalizia sentensi. Ambayo sikukusimulia sawasawa ni ya Mikumi, na nilikuwa nayaruka kwa makusudi.

Nilifika Mikumi nikiwa na umri kama wako sasa, nikimfuata dada yangu aliyekuwa mpishi kwenye hoteli ya kando ya barabara kuu. Hoteli ilikuwa na bendi ya dansi, ikipigia madereva wa malori ya Zambia, watumishi wa mbuga, na wenyeji waliokuwa na shati la kutokea. Kiongozi wa bendi tulimwita Chifu. Chifu alikuwa na chombo ambacho hakuna aliyekiweza. Mhandisi mmoja wa Kitaliano, aliyekuja na kazi za barabara, alikiacha hotelini alipomaliza mkataba: kinanda cha umeme, cheusi, ubavuni mbao, juu kimejaa swichi na vitufe vya kuzungusha. Jina la kiwanda lilishakwanguka. Bendi nzima ikakiita Mtaliano.

“Huyu anazomea tu,” Chifu aliniambia. “Wewe si ulikuwa unapiga kanisani? Hebu kaa hapo.”

Nikakaa. Kinanda cha kanisani ukibonyeza, sauti inatoka ile ile aliyoiacha fundi wake. Mtaliano hakuwa hivyo. Mtaliano hakuwa na sauti yoyote mpaka wewe uitengeneze. Unazungusha hiki, inakuwa nyembamba. Unazungusha kile, inachelewa kuanza, inapanda kama mtu anayevuta pumzi. Mchana hoteli ikiwa tupu, nyani wakipekua mapipa ya taka huko nyuma, mimi nilikuwa ukumbini nazungusha kitufe kimoja kimoja. Dada yangu alikuwa akipita na ndoo ananitazama kama mgonjwa.

Ile sauti niliipata kipindi cha mvua. Ilikuwa kama mtu anapiga mluzi huku analia kwa ndani. Juu ni laini, chini yake kuna mkwaruzo mdogo, unaousikia zaidi kifuani kuliko masikioni. Jumamosi hiyo niliitia mwanzoni mwa wimbo bila kumwambia mtu. Kondo, mpiga gitaa la solo, aliacha kupiga akanigeukia. Nikajua nimeharibu.

“Dada Lea,” akasema, “hiyo usimpe mtu.”

Alikuwa ananisifu. Mimi nikaichukua kama amri.

Baada ya hapo madereva walikuwa wanaegesha malori Mikumi hata wasipokuwa na usingizi. Mmoja alikuwa anashusha kioo akiniona sokoni, anapiga ule mluzi, anacheka, anaondoka. Nilikuwa msichana wa milimani aliyekanyagiwa kinanda na mtoto wa jirani, na sasa watu wasionijua jina walikuwa wanajua sauti yangu. Usidhani nakusimulia haya kwa majivuno. Nataka tu uelewe kwa nini niliishika kwa mikono yote miwili.

Mtaliano ana kumbukumbu, unajua wewe kuliko mimi. Ukishatengeneza sauti unaihifadhi, na betri ndogo ndani yake inaitunza hata umeme ukiwa umezimwa. Niliihifadhi, halafu kila nikimaliza kupiga nilikuwa navuruga vitufe vyote juu, asije mtu akasoma vilivyokaa. Siku moja alikuja kijana wa bendi ya Morogoro, jina lake Sefu, mpiga kinanda cha umeme kama mimi. Alikuja na adabu zake, akasimama mbali kidogo.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba.”

“Dada, mimi sitaki yote. Nionyeshe tu unavyoanza. Nikiijaribu kwetu inatoka kavu.”

“Katafute yako,” nikamwambia.

Hakubisha. Alisema asante, akala wali pale pale hotelini peke yake, akapanda lori la kurudi. Nilijisikia mshindi mpaka alipoondoka. Sijawahi kumwona tena, na baadaye nilimtafuta kweli kweli.

Hoteli ilipofungwa, mwenye hoteli alisema, “Chukua hicho kidude chako, hakuna mwingine anayekijua.” Baba yako, mtu wa reli wa Kilosa, akanioa mimi na Mtaliano pamoja. Wiki za kwanza tulikuwa na chumba kimoja, na Mtaliano hakuwa na pa kulala ila kitandani, upande wa ukutani. Baba yako alikuwa akiwaambia wenzake stesheni, “Mimi kwangu nalala pembezoni.”

Sasa sikiliza hili, maana hili ndilo sikukuambia. Nilipoanza kupiga hapa Kilosa, kwenye harusi na kwenye kwaya, ile sauti haikuwa ile. Mluzi ulikuwepo. Kilio hakikuwepo. Naiita kutoka kwenye kumbukumbu, ni ile ile niliyoihifadhi, sikuigusa, lakini ikitoka kwenye spika inakuwa tupu, kama mtu anayekusalimu akiangalia kwingine. Nikasema ni vidole. Nikasema ni jembe limenikomaza mikono. Ulipozaliwa nikasema ni uzazi. Mwisho nikasema ni Mungu, alinipa kwa muda na muda umeisha. Kwenye harusi ya binti wa jirani, watu wakicheza vizuri tu, mimi nilisimama katikati ya wimbo nikazima. Sikupiga tena mbele za watu. Wakiniuliza nilisema nina kazi nyingi.

Wewe ulikua ukimjua Mtaliano kama kitu kilichofunikwa kitenge sebuleni, ambacho mama anakipangusa vumbi na hakuna mtoto anayeruhusiwa kuweka kikombe juu yake.

Nakumbuka mchana ulipokuja nyumbani kutoka kibandani kwako sokoni unapotengenezea simu, mikono bado inanuka risasi ya kuchomea simu, ukakaa hapa mlangoni ukanisomea kutoka kwenye simu yako. Ulikuwa umekuta mtandaoni mahali ambapo wanamuziki wa nchi mbalimbali wanataja vinanda vya zamani wanavyotamani vitengenezewe programu, ili mtu avipige kwenye kompyuta. Ulikuwa unanitafsiria unacheka. Mmoja alikuwa anakililia kinanda alichokiuza ili aoe, na ndoa yenyewe ilishavunjika. Mwingine anasema kampuni zinarudia vile vile vinavyojulikana, vile vingine vinafia stoo. Halafu ukaacha kucheka, ukanionyesha picha. Kinanda cheusi, ubavuni mbao. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwamba alikisikia mara moja akiwa mtoto, hajawahi kukiona tena, na angetoa chochote akisikie.

“Mama, huyu ni Mtaliano.”

Nilikiangalia muda mrefu. Nikakurudishia simu kabla hujanisoma uso.

“Betri ya ndani inanizidi umri,” ukasema. “Ikifa, sauti zako zote zimekwenda. Niruhusu nizirekodi. Moja moja, kila ufunguo. Halafu naweza kuijenga kwenye kompyuta. Hawa watu wote wangeipata.”

“Waache watamani,” nikasema.

Ulidhani nafanya mzaha. Ukarudi kesho yake, ukarudi mwezi uliofuata. Kila mara nilikuwa na neno: mara umeme si mzuri, mara wageni wanakuja. Ukweli ni kwamba niliogopa mambo mawili yasiyokaa pamoja. Niliogopa watu wote wataipata sauti yangu. Na niliogopa ukiirekodi utasikia kwamba ni tupu, utajua mama yako amekuwa akitunza kitu kisichokuwepo.

Kisha zikaja zile mvua za mto Mkondoa kufurika, umeme ukakatika siku nyingi. Umeme uliporudi nikamwasha Mtaliano kumwangalia tu kama amepona unyevu. Taa nyekundu ikawaka. Nikaita sauti ya kwanza: mmmm. Ya pili: mmmm. Zote. Ile yangu: mmmm, kama jokofu.

Wewe ulikuwa unaingia na mkate.

“Umekigusa,” nikakuambia.

“Mama, sijakigusa.”

“Umekifungua. Ulikuwa unataka, umefungua nikiwa shambani. Mwizi wa nyumbani ndiye mbaya zaidi.”

Uliweka mkate mezani. Ulimgeuza Mtaliano taratibu, ukanionyesha skrubu za chini zimekula kutu, hazijawahi kuzungushwa tangu kiwandani. Ukaenda kwa shangazi yako Masanze ukakaa huko mpaka nguo zikakuishia. Baba yako ndiye aliyesema, akiwa anafunga baiskeli aende kukuona.

“Mama Baraka, mimi ndiye nilikuwa nyumbani muda wote. Ungeniuliza.”

Uliporudi nilikupikia kuku. Ukala, ukasema mzuri, tukaendelea. Sisi wazazi wa huku tunapika kuku badala ya kusema, na watoto mnakula badala ya kujibu. Lakini unakwenda mbali na kuku ameshaliwa zamani. Baraka, nisamehe. Nilikuita mwizi ndani ya nyumba yako kwa sababu ya kitu ambacho mimi mwenyewe ndiye niliyekiua kwa kukikatalia.

Na wewe ukafanya jambo ambalo sijui ulilitoa wapi, kwangu hukulitoa. Ulimfungua Mtaliano, ukambadilishia betri, ukamsafisha kwa mswaki, ukasema, “Haya. Sauti imekufa lakini aliyeitengeneza yupo. Kaa hapa.”

Zile jioni zilinichosha kuliko kulima. Wewe na kompyuta yako magotini, mimi nazungusha vitufe kwa kumbukumbu, wewe unaandika vilivyokaa. “Ndiyo hii?” Siyo. “Hii je?” Imezidi kung’aa. “Hii?” Imelala. Mluzi tuliupata mapema. Kilio hakikuja. Ukaanza kuchoka na mimi, nikaona, na jioni moja ukasema kwa sauti ya chini, kwa heshima, jambo ambalo liliniuma kuliko kama ungepiga kelele.

“Mama, labda hata wakati ule haikuwa hivyo. Labda unakumbuka zaidi ya ilivyokuwa.”

Niliingia ndani nikajifunika. Sikulia. Nilikuwa nafikiri, huenda mtoto anasema kweli. Huenda niliacha muziki kwa ajili ya sauti ambayo haikuwahi kutoka popote ila kichwani mwangu.

Ndipo nikasema twende Mikumi kwa Kondo. Sikutaka kwenda. Sikuwa nimemwona tangu hoteli ifungwe, na sikujua nitamwambia niliacha kwa nini. Tulimkuta kwenye banda lake la kuziba pancha kando ya barabara kuu, mvi tupu, amekaa juu ya tairi la lori. Ulimsalimia vizuri, akakuitikia marahaba bila kukutazama, macho yapo kwangu.

“Dada Lea. Nilisikia umeokoka ukaacha dansi.”

“Sikuokoka. Sauti ilinikimbia.”

Ukamwekea ile tuliyoitengeneza kwenye kompyuta. Alisikiliza kichwa ameinamisha. Lori lilipita, akainua mkono tungoje, akaomba urudie.

“Ndiyo yenyewe,” akasema. “Ila haina spika.”

“Spika gani, baba?” ukauliza.

“Ile ya kushoto, ya ukumbini. Si ilichanika?” Alinigeukia, akaona sielewi, akaanza kucheka. “Dada, hukujua? Ilichanika kabla hujafika. Chifu akaibandika na karatasi ya mfuko wa saruji, kwa gundi ya viatu. Kila chombo kikipita pale kinakwaruza, mimi gitaa langu nilikuwa naliepusha, nalipeleka kulia. Kinanda chako kikapita pale, basi, kikalia. Sisi wote tulijua. Tulidhani ndiyo ulivyotaka.”

Kondo alikuletea soda, mimi akaniletea kiti, na nadhani alielewa kuwa amenipa habari ya msiba, maana aliacha kucheka.

Miaka yote ile, mwanangu. Nilikuwa nafunga na kufungua kinanda kinachotoa nusu ya sauti, nusu nyingine imebaki kwenye spika ya hoteli, bila shaka ilishachomwa pamoja na takataka. Vidole vyangu havikuwa na kosa. Mikono yangu ilikuwa mizima kwenye harusi ile nilipozima katikati ya wimbo.

Tuliporudi hukungoja hata kula. Ulitoa spika ya ile redio mbovu ya baba yako, ukaichana kwa wembe, mimi nikatoa macho kama unachinja. Ukakata kipande cha mfuko wa saruji uliobaki tulipojenga choo, ukakibandika. Ukaunganisha. “Piga, Mama.”

Nikapiga. Ilikuwepo. Baba yako alikuwa nje anapukuchua mahindi, nikasikia mikono yake imesimama.

Nililia, na wewe ukadhani ni furaha, ukanikumbatia. Furaha ilikuwemo. Lakini kilichonitoa machozi zaidi ni kumfikiria Sefu. Inatoka kavu kwetu, alisema. Alikuwa amekuja na swali lenyewe mdomoni! Kama ningemkalisha tu, nikamwonyesha vitufe, angekwenda kwao Morogoro akavipanga vile vile, akaona bado kavu, angerudi kuniuliza mbona. Tungeanza kutafuta. Tungefika kwenye spika wiki ile ile. Mimi nilimfukuza mtu pekee ambaye angeniambia nilichokuwa sikijui kuhusu sauti yangu mwenyewe, na nikailipia kwa kukaa kimya tangu kabla hujaota meno.

Hilo ndilo nililonalo la kukupa. Sijui kulifunga vizuri likawa wosia. Ukienda huko Ujerumani, kwenye hiyo karakana ya watu wanaotengeneza vinanda vya kompyuta, walioisikia rekodi yako wakakuita, kutakuwa na mambo unayoyajua na wenzako hawayajui. Utasikia raha, na ile raha naijua. Akija mtu kuuliza, mweke akae. Hata akiwa anakukera.

Wamekwambia watamfungua Mtaliano mzima, wampime kila waya, wamwandike upya kwenye programu ili yule mtu aliyetamani kumsikia, na wengine wote, wampate. Nimekubali, na karatasi yao nimeitia sahihi. Kufurahi bado, Baraka, usiulize kila siku kwenye simu kama nimefurahi. Kutakuwa na watoto watakaoibonyeza sauti ile chini ya nyimbo nisizozipenda, wengine hawatajua kama ilikuwa na mtu. Nitazoea. Wakuulize mkwaruzo unatoka wapi, waambie ukweli: spika mbovu ya hoteli na mfuko wa saruji. Wasione haya kuuweka. Uliniuliza sauti iandikwe jina gani, nikasema nitafikiria. Usiiandike Lea. Iandike Mikumi, ili Kondo na Chifu nao wawemo.

Na ikiwa mambo yataharibika, Mtaliano akafia mezani kwao, au wakasema programu haifai, au wewe mwenyewe ukaona kazi hiyo imekushinda, tafadhali usikae huko kwa aibu ukitafuta la kuja kutuonyesha. Panda ndege uje mikono mitupu. Ningependa ushindwe halafu useme, kuliko uwe kama mimi, mtu aliyedhani ameharibika na hakumwomba yeyote amsikilize. Nilikuwa na mume ndani ya nyumba. Nilikuwa na Kondo, umbali wa basi la asubuhi. Sikuuliza.

Leo jioni ulipokwenda kuwaaga watu wa msikiti wa baba yako na rafiki zako wa sokoni, nilimwomba baba yako asipigilie misumari kwanza. Nilitaka kumpiga Mtaliano mara ya mwisho. Nilikuwa nimejiandaa hata, nimevaa kanga safi. Nikachomeka, nikawasha. Umeme hakuna, Kilosa nzima giza linaingia, majirani wanaanza kuitana viberiti.

Nilikaa hivyo hivyo. Halafu nikaanza kupiga bila sauti, funguo zinagonga tu, tak, tak-tak, ule wimbo wa Mikumi kuanzia mwanzo. Baba yako alikuwa kwenye kigoda, nyundo mkononi, anangoja. Nilidhani anasinzia. Unajua baba yako, kwenye muziki hata kupiga makofi anachelewa.

Nikafika katikati.

“Hapo umeruka,” akasema.

Nikasimama. “Umejuaje? Hakuna sauti.”

“Si ndiyo ulivyokuwa unapiga usiku, mimi nikitoka zamu? Umezima umeme ili usituamshe. Unadhani nilikuwa nalala?” Akaiweka nyundo chini. “Kuna kipande kidogo hapo, kabla hujapanda. Umekiruka.”

Kwenye giza lile, Baraka, sikuweza kuuona uso wake.

Nikaurudia wimbo kutoka mwanzo, polepole, kile kipande nikakiweka mahali pake. Safari hii hakusema kitu.

Mama yako,
Lea